Huku kuna spea, kwetu kuna bodi

Kila nikirudi Kenya likizo, hakosi mtu wa kuniuliza, "Hilo gari lako la kizamani huko Uingereza ulilinunua bei gani?" Namtajia, anashangaa, kisha inabidi nimweleze kwamba hela niliyompa mwenye gari haikuwa hata nusu ya hela zote. Gari kuukuu linaendelea kununuliwa miaka na miaka baada ya kuliendesha hadi nyumbani.

Ninayo mawili sasa: MGB ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, huku ninakoishi, na Peugeot 504 nyumbani. Yamenifikisha kwenye msimamo ambao baadhi ya wenzangu wa ughaibuni wanaupinga. Mkenya anayependa magari ya zamani, gari alitafute kwetu, spea azitafute huku.

Adui mkubwa Uingereza ni kutu. Wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isishike, na chumvi hiyo inapanda chini ya gari, inakaa kwenye mikunjo ya bati na kulila polepole. MGB yangu nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa inang'aa. Muuzaji aliniapia kwamba bodi ni nzima. Miezi michache baadaye fundi alilala chini yake, akasukuma bisibisi kwenye bati lililo chini ya mlango, ikazama hadi kwenye mpini. Palikuwa pamejazwa puti na kupigwa rangi juu. Kulikarabati bati hilo pande zote mbili kulinigharimu zaidi ya gari lenyewe. Tangu siku hiyo siendi kuangalia gari bila sumaku ndogo niliyoifunga kwa kitambaa. Ikishika, hapo kuna chuma. Ikidondoka, nauliza maswali.

Lakini huku spea zipo, na hili nalisifu kwa moyo wote. MGB iliundwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000, kwa hiyo bado ina soko. Kampuni ya British Motor Heritage hutengeneza hata bodi yake mpya, nzima. Raba ya kioo, silinda ya klachi, gasketi, naagiza usiku na posta inaleta wiki hiyohiyo. Ndiyo maana gari la aina hii likikosa kifaa cha injini sitishiki, nashusha bei tu. Ninaloliogopa ni lile lililoundwa machache. Linauzwa rahisi, unalifurahia, halafu kioo kimoja cha taa kinalifungia gerejini mwaka mzima.

Nyumbani mambo yamegeuka. Ile 504 ilikuwa imesimama miaka, matairi yamekaa chini, dashibodi imepasuka kwa jua na raba za milango zimekauka hadi zinavunjika mkononi. Nililala chini yake na tochi, nikagonga bati kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma, na kila mahali palijibu kwa sauti ya chuma kizima. Gari lenye umri ule na bati la namna ile huku watu wangegombania. Lenyewe lilikuwa linasubiri kukatwa liuzwe kwa kilo.

Tena hii ni 504, gari lililoungwa Mombasa, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978! Ila mwenye gari hakuwa na kosa. Kwetu gari hupimwa kwa kama litafanya kazi kesho asubuhi, na lile lilikuwa limevalishwa injini ya Toyota ambayo nayo ilikufa. Huku hupimwa kwa jinsi linavyokaribiana na lilivyotoka kiwandani. Injini ileile ya Toyota iliyolipandisha bei nyumbani ingelishusha vibaya Uingereza. Basi nikamuuliza, "Mzee, injini yake mwenyewe iko wapi?" Akanipeleka nyuma ya nyumba, akafunua magunia. Ilikuwepo, pamoja na kabureta. Hapo ndipo nilipokubali bei yake bila kuipunguza.

Kabureta lilikuwa linavuta hewa pembeni kwa sababu tundu la mhimili wake limelika. Huku gereji ingeniambia ninunue jipya, na saa moja ya fundi ni ghali. Kwetu mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, alichukua kipande cha shaba, akakitengenezea bushi nyembamba kama pete, akaibana, akajaribu, akaikwangua kidogo tena. Mhimili ukazunguka bila kucheza. Ufundi huo hauandikwi kwenye tangazo lolote la gari, ila mimi nauhesabu kama spea.

Kinachoniuma ni sheria zinavyovuta upande mmoja. Uingereza, gari likitimiza miaka 40 na halijabadilishwa sana, mwenyewe anaweza kuomba lisilipiwe kodi ya barabara, na ukaguzi wa kila mwaka si lazima. Gari la kihistoria lenye zaidi ya miaka 30, likiwa katika hali yake ya asili, huingizwa nchini kwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20. Kenya, gari la mtumba lililozidi miaka 8 kwa kawaida haliruhusiwi kuingia. Kwa hiyo kila 504 inayokatwa au kupakiwa meli imekwenda moja kwa moja. Nawasihi ndugu zangu, kabla ya kumwita mtu wa chuma chakavu, fungueni buti na stoo mwangalie. Taa nzima, bampa lisilokunjika na vioo vya asili vinaweza kuwa na thamani kuliko uzito wote wa bati.

Mzigo wangu wa Desemba umeshafungwa. Raba za milango nimezikunja kwenye duara ndani ya sanduku, na vioo viwili vya taa za mbele nimevizungushia masweta. Mkerezaji anangoja nimletee kipimo cha silinda za breki.