Mpaka Usiochorwa: Shule, Nauli na Kodi ya Nyumba Nairobi

Anayetafuta nyumba ya kupanga Donholm, Umoja au Lang'ata huulizwa na ajenti maswali matatu kabla hata ya kufunguliwa lango: ana bajeti gani, ana gari au hana, na watoto wanasoma wapi. Swali hilo la mwisho ndilo linalopunguza orodha. Ajenti anajua kwamba maji yakikatika mpangaji atanunua ya mkokoteni, na barabara ikiharibika atavumilia, lakini mtoto anayetakiwa kuwa amesimama kando ya barabara saa kumi na moja na nusu alfajiri akisubiri basi la manjano hachoki siku moja tu. Huchoka kila siku, na wazazi huchoka pamoja naye, mpaka familia inaamua kuhama.

Kwa hiyo shule huhamisha watu Nairobi ingawa hakuna sheria inayowaamuru wahame. Hoja inayosikika sasa ni kwamba utaratibu huu wa kimyakimya uwekwe wazi, yaani kila shule ya umma ichorewe eneo lake na watoto wa eneo hilo waandikishwe kwanza. Ni hoja yenye uzito, lakini inapaswa kupimwa kwa jiografia ya mji huu, wala si kwa jinsi ilivyo katika miji mingine.

Miji mingine, hata hivyo, imetuachia funzo. Nchini Marekani, mwanauchumi Sandra Black alilinganisha nyumba zilizokuwa pande mbili za mpaka wa shule katika vitongoji vya Boston, na katika makala aliyochapisha mwaka 1999 akaonyesha kwamba wazazi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba ambayo shule yake ilikuwa na alama za mtihani zilizo juu kwa asilimia 5. Mtaa ni uleule na miti ni ileile. Kilichotofautiana ni mstari tu. Uingereza nako mstari huo ulizaa upelelezi: mwaka 2008 ilijulikana kwamba halmashauri ya Poole ilikuwa imeifuatilia familia moja kwa siri kwa takriban wiki tatu ili kuhakikisha kwamba kweli iliishi ndani ya eneo la shule iliyoiomba. Ukishachora mpaka, lazima uulinde.

Nairobi haikuchora mpaka wa namna hiyo, lakini ilirithi mwingine. Utawala wa kikoloni ulitenga makazi kwa rangi: Wazungu Muthaiga, Kilimani na Lavington, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo na mitaa mingine ya Eastlands. Shule zilifuata mgawanyo huohuo. Nairobi School ilianza kama Prince of Wales, shule ya wavulana wa Kizungu, na Jamhuri High ilikuwa Duke of Gloucester, shule ya Wahindi. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa, ila majengo na viwanja havikuhama. Mpaka leo shule nyingi za msingi za umma zenye uwanja mpana na miti ya kivuli zimo katika mitaa ambayo mwenye mshahara wa kawaida hawezi kupanga hata chumba kimoja.

Kwa muda mrefu tulikuwa na njia ya kukwepa jambo hili, nayo ilikuwa bweni. Mtoto alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akapata barua ya kujiunga na shule ya upili, akanunuliwa sanduku na godoro, na kuanzia hapo haikujalisha kama wazazi wake walikaa Runda au Dandora. Mfumo mpya wa elimu umebadilisha hesabu hiyo bila kelele. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, mwaka uleule ambao sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ilianza ndani ya shule za msingi, na sasa mtoto hubaki hapo mpaka Gredi ya 9. Wanafunzi wa kwanza walipochagua shule kabla ya kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, baadhi ya nafasi za chaguo lao zilitengewa shule za kutwa za karibu na nyumbani. Mahali unapoishi kunaanza kuhesabiwa katika umri ambao zamani kulikuwa kumeshasahaulika, na sidhani kama wazazi wengi wamelitambua hilo.

Wanaotaka mipaka wana mfano mzuri, nao ni Shule ya Msingi ya Olympic katika mtaa wa mabanda wa Kibera. Sifa yake katika mtihani wa KCPE ilivuma hata ikawavuta wazazi wa mbali wenye uwezo wa kulipa nauli. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, watoto walifurika na madarasa yakajaa kupita kiasi. Anayeishi Kibera ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto wake, ambaye anaiona shule kutoka mlangoni, ashindanie dawati na mtoto wa mfanyakazi wa ofisi anayeshushwa na gari. Kwake yeye mpaka ni kinga. Pasipo mpaka, nafasi huamuliwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mimi mwenyewe nimewahi kuketi kwenye benchi nje ya ofisi kama hiyo, katika shule moja ya umma ambayo sitaitaja, nikiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na rimu mbili za karatasi nilizoambiwa nije nazo. Mzazi aliyenitangulia hakuwa na rimu hata moja. Alikuwa na barua ya mkubwa fulani, na aliingia na kutoka kabla chai yangu ya kibanda haijapoa.

Sasa simama Gitanga Road asubuhi kabla ya saa moja. Upande mmoja watoto wenye sweta zilizofifia wanateremka kwa miguu kutoka Kawangware kuelekea shule za umma za Kilimani na Lavington, wadogo wakishikwa mkono na dada zao. Kwenye barabara hiyohiyo mabasi ya shule za binafsi yanawazoa watoto wa Lavington na kuwapeleka Karen au Kitisuru. Wenyeji wenye uwezo wameziacha shule za umma zilizo mlangoni mwao, na majirani wasio na uwezo wamezijaza. Chora mpaka mwembamba hapa na utakuwa umewafungia nje watoto wanaoihitaji shule, kwa manufaa ya wakazi wasioitaka.

Mifano hii miwili inavuta pande tofauti, na ndiyo maana sikubaliani na wanaojibu swali hili kwa ndiyo au hapana. Kinachoamua ni mstari unapopita. Eneo bunge la Dagoretti Kaskazini lina wadi za Kilimani, Kileleshwa, Kawangware, Gatina na Kabiro. Mpaka ukifuata eneo bunge, mtoto wa Kawangware na shule ya Lavington wako pamoja. Ukifuata wadi, wametengana. Westlands ni vivyo hivyo, kwa kuwa Kangemi ya wenye kipato kidogo ina wadi yake na Loresho ya wenye uwezo iko katika wadi ya Kitisuru. Afisa mmoja mwenye kalamu na ramani anaweza kurudisha mgawanyo wa kikoloni bila kutaja rangi wala kukusudia ubaya.

Kuhusu sifa zenyewe, nina shaka na kipimo tunachotumia. Serikali ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo mwaka 2014, na mojawapo ya lawama za wakati huo ilikuwa kwamba baadhi ya shule zilisajili watahiniwa dhaifu katika vituo vingine ili wastani usishuke. Orodha iliondoka magazetini ikahamia kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi, ambako haina hata takwimu. Shule inayochuja watoto mlangoni hujipatia sifa ambayo kwa sehemu kubwa ni ya watoto wenyewe, na mzazi anayeongeza kodi ya nyumba ili kuikaribia huenda ananunua majirani kuliko walimu. Wajenzi wanalijua hili. Tatu City, upande wa Ruiru, ina shule za binafsi ndani ya eneo lake, na shule hizo ni sehemu ya bidhaa inayouzwa pamoja na nyumba na viwanja.

Mimi ningeelekea kwenye kipaumbele kinachopimwa kwa umbali wa kutembea, bila kujali wadi, huku sehemu ya nafasi ikiachwa wazi kwa walio mbali na kuamuliwa kwa bahati nasibu hadharani. Bahati nasibu si ngeni: Brighton huko Uingereza ilianza kuitumia miaka ya 2000 kwa shule zilizozidiwa na maombi, ingawa ndani ya mipaka ya maeneo ya shule. Njia hiyo ingemlinda mtoto wa Kibera bila kumfukuza wa Kawangware, na ingepunguza thamani ya barua za wakubwa.

Hata hivyo, kuna kikwazo ambacho watetezi wa kipaumbele cha walio karibu, mimi nikiwemo, hukipita haraka. Ili umbali upimwe, lazima mtu athibitishe anapoishi. Familia nyingi Nairobi zimepanga, wengi kwa makubaliano ya mdomo. Mita ya stima imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, na chumba cha Mukuru au Mathare hakina namba mlangoni. Karatasi inayobaki ni barua ya chifu. Mpangaji wa Lavington ataleta mkataba uliopigwa muhuri na wakili. Mama wa Gatina ataacha kibarua cha siku nzima ili apange foleni kwa chifu, na akifika zamu yake ataulizwa ni nani anayemfahamu mtaani.