Twende Moshi ukanunue viatu

Kijana wa Kibosho au Marangu akianza kusikia sauti na kuamini anawindwa, mara nyingi ndugu humpakia kwenye gari kwa hila: twende Moshi ukanunue viatu. Anashtukia yuko ndani ya geti la hospitali. Muuguzi anayemwambia "karibu, mdogo wangu" ameshahesabiwa kuwa mmoja wa wanaomwinda.

Siwacheki hao ndugu. Mtu hajalala siku nne, ana panga mkononi, anaamini mama yake kamtilia sumu kwenye mtori; utamshawishi kwa hoja gani? Mwaka 1914 daktari Mfaransa Joseph Babinski aliwaandika wagonjwa waliopooza upande mmoja bila wenyewe kujua, akaiita hali hiyo anosognosia. Siku hizi neno hilo hutumika pia kwa saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo, kama wa kijana huyu. Huyo kijana habishi kwa makusudi. Ukimwambia ukweli huenda akatokomea migombani, na wanaume wakamfuata na kamba.

Ila fikiria tulichomfanyia. Alisema watu wanapanga jambo nyuma yake, na kweli walikuwa wanapanga. Sindano ya haloperidoli, dawa ya saikosisi, itamtuliza usiku huo. Kurudi kliniki mwezi ujao, akiwa na akili zake na kumbukumbu ya vile viatu, ni habari nyingine.

Mimi naona hila hutumika mapema mno. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mgonjwa kulazwa bila hiari yake, kwa hiyo nguvu ikibidi inaweza kutumika waziwazi. Na kabla ya nguvu kuna usingizi: wengi hukana ugonjwa, lakini hawakani kwamba hawajalala. Bibi yake akimwambia "twende hospitali upate dawa ya usingizi", hajamdanganya.

Wodini, muuguzi mzoefu habishani na sauti wala hajifanyi anaisikia. "Mimi siisikii, ila naona inakutisha. Umekula?" Anakaa ubavuni bila kuziba mlango, maneno machache. (Kikombe cha uji hapo husaidia kuliko maswali ya faili.) Hata anayeshikwa na watu wanne huambiwa sindano ni ya nini.

Kuhusu ule uongo wenyewe, wapo wauguzi wanaounyamazia wasimgombanishe na nyumbani atakakorudi. Hofu hiyo ina msingi. Bado ningependa mmoja amwambie, ndugu wakiwa hapohapo: "Uliambiwa viatu. Pole. Hapa ni hospitali, na walikuleta kwa sababu waliogopa."