Laikopini: Nyanya ya Sufuriani na Kidonge cha Dukani

Wapo wakazi wa Nairobi wanaoamini kwamba nyanya ikishapita kwenye mafuta ya moto imekwisha faida, na kwamba anayejali afya yake ataila mbichi kwenye kachumbari. Kwa vitamini C wana hoja. Kwa laikopini, rangi inayoipa nyanya wekundu wake, mambo ni kinyume: moto huvunja kuta za seli zinazoifungia, na kwa kuwa rangi hiyo huyeyuka katika mafuta, mwili huifyonza vizuri zaidi kutoka kwenye nyanya iliyokaangwa na kitunguu kabla ya sukuma wiki kutiwa sufuriani.

Ikishafyonzwa hufanya nini? Utafiti unaotajwa sana, wa Edward Giovannucci na wenzake mwaka 1995, ulifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 nchini Marekani, ukaona kwamba waliokula vyakula vya nyanya zaidi ya mara 10 kwa wiki walikuwa na hatari ya saratani ya tezi dume iliyo chini kwa takriban asilimia 35 kuliko waliovila kwa nadra. Wenye shaka husema, kwa haki, kwamba hakuna aliyepangiwa chakula, na kwamba huenda walaji nyanya walijitunza kwa njia nyingine pia. Lakini katika utafiti huohuo mchuzi wa nyanya ulihusishwa na upungufu huo wa hatari, ilhali juisi ya nyanya haikuhusishwa. Ingekuwa ni tabia njema tu, wanywaji wa juisi wangekosaje kuionyesha? Swali hilo halithibitishi kinga, ila sioni kama limejibiwa ipasavyo.

Vidonge ni habari nyingine. Mwaka 2003, panya waliosababishiwa saratani hiyo walinufaika na unga wa nyanya nzima. Waliopewa laikopini pekee hawakupata nafuu ya kutegemewa. (Panya si binadamu, naam.) Tena kuna onyo la Finland la mwaka 1994, ambako vidonge vya betakarotini, rangi ya ukoo huohuo, viliambatana na ongezeko la asilimia 18 la saratani ya mapafu miongoni mwa wanaume wavutaji sigara. Muuzaji anayeitaja ile asilimia 35 ili auze chupa ya vidonge ameiazima kutoka kwa watu waliokuwa wakila mchuzi.