Mpira wa rejeta hausomi mita

Tulikuwa tunatoka Kisumu kurudi Nakuru, tumeshapita Kericho na tunapanda kuelekea Mau Summit, mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulipopasuka. Niliendelea kuendesha kilomita mbili zaidi nikitafuta pa kuegesha penye watu. Zilitosha kuipasha injini moto hadi kupindisha hedi, kile kichwa cha juu cha injini.

Kesho yake fundi aliupasua ule mpira kwa kisu. Nje ulikuwa mweusi, wa kupendeza kabisa. Ndani umepasukapasuka kama tope lililokauka, na pale klipu ilipobana umevimba na kuwa laini. Ulitoka Japani na gari. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8. Langu liliingia na 7, nimeliendesha 9. Mpira wa miaka 16, nami muda wote nilikuwa nahesabu kilomita.

Tangu hapo sikubaliani na wanaosema usiguse kisicholia. Mpira haulii. Oili ya breki pia hailii: inanyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, kisha siku unashuka mteremko mrefu wa Sachangwan mguu ukiwa kwenye breki muda mrefu, inachemka, na pedali inazama. Mimi naibadilisha kila miaka miwili, hata gari likikaa tu nyumbani. Tairi nazo zina tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado ni nzima.

Ninachojiuliza sasa ni hiki: kikikatika, kitaondoka na nini? Mkanda wa taimingi, unaoziendesha valvu kwa wakati wake, kwenye injini nyingi huondoka na valvu zenyewe. Boljointi, kiungo kinachoshikilia gurudumu, huondoka na gurudumu zima, pengine na watu. Hivyo sisubiri. Bushi na linki za stabilaiza, vile vipira na viungo vya chini ya gari, zikianza kugonga, zitanikera, lakini naweza kuzipangia mwezi.

Najua pesa ni ngumu. Ndiyo maana nasema kazi zinazofunguliwa pamoja zifanywe pamoja. Kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi, ibadilishe siku hiyo hiyo, ufundi ulipie mara moja. Mlango au taa nitanunua eksi-Japani, yaani vilivyotumika huko, bila wasiwasi. Mpira na mkanda, hapana, nataka vipya.

Jumamosi gari linaingia gereji kwa pampu ya maji, fenibelti na mipira miwili ya hita. Bushi za mbele zitaendelea kugonga hadi karo ya Januari ilipwe.