Usiupoze chuma cha pua kama shaba

Hapa Lubumbashi tumelelewa na shaba, na nadhani ndiyo inayotuponza tukigusa chuma cha pua, yaani chuma chenye kaboni ndani yake, si kile kisichoshika kutu. Mfua shaba huipasha ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini, nayo ikatoka laini. Kwa shaba, kupoa haraka au polepole ni mamoja. Kijana akiona hivyo miaka miwili mitatu, anaamini kila madini hulainishwa vivyo hivyo.

Juzi kijana wetu wa atelye, karakana yetu, alinipashia jani la resori ya kamio, yaani springi ya lori, nililotaka kulitoboa. Akalitia majini. Meshi, ule msumari wa kutobolea, ikateleza juu yake ikipiga yowe, ikaacha duara linalong'aa kama kioo.

“Papa, si nimelilainisha?”

Umelikaza, mwanangu. Resori ina kaboni kama asilimia 0.6, ikipozwa ghafla inakuwa ngumu kama tupa, na hapo hapo dhaifu.

Tukarudia. Tulilipasha mpaka sumaku ikakataa kulishika, yaani kama nyuzi 770 za Selsiasi, tukaongeza moto kidogo, tukalifukia kwenye jivu kavu hadi asubuhi. Jani ni jembamba, jivu baridi lingelipoza upesi mno. Kwa hiyo tulitanguliza humo pande zito la chuma chekundu, jivu lipate joto kwanza. Kesho yake meshi ilitoa nyuzi ndefu za chuma zilizojisokota.

Sasa kijana anafukia kila kitu jivuni, na hapo tena ninabisha. Makala, yaani mkaa, yanagharimu pesa! Nondo ya kawaida haina ugumu wa kukushinda, itoboe tu. Fremu iliyochomelewa, ukihofia itajipinda utakapoichonga, inataka nyuzi 550 hadi 650 tu, wekundu hafifu unaoonekana gizani, kisha ipoe taratibu. Kipande kilichotoka kufuliwa mimi hukipasha kama resori ile, lakini nakiacha kipoe hewani. Hakilegei sana, ila chembe zake hurudi kuwa ndogo, na jioni hiyo hiyo nimeshakishika.

Tena moto mrefu hula kaboni ya ngozi ya chuma, yaani tabaka la juu. Ukitaka kulikaza upya jani lile, saga ngozi hiyo kwanza, la sivyo tupa italing'ata juu ingawa ndani ni gumu.

Kijana hakuridhika na maneno. Alipasha kipande kilichobaki, akakitia majini, akakilaza ukingoni mwa fuawe na kukipiga nyundo mara moja. Kilikatika kama sahani.