Diwani Hajapata Choo

Binti yangu aliposafiri na mama yake kwenda Dodoma kwenye harusi ya mama yake mdogo, aliniachia sungura mmoja na karatasi moja. Karatasi aliibandika kwenye mlango wa friji: "Baba. 1. Nyasi asubuhi. 2. Nyasi jioni. 3. Maji. 4. USIMPE CHAKULA CHA WATU." Hiyo namba 4 aliipigia mistari miwili. Sikupendezwa. Mtu mzima, mwenye familia na deni la benki, unapigiwa mistari na mtoto wa darasa la nne.

Sungura mwenyewe anaitwa Diwani. Jina alipewa na mama watoto wiki ile ile tuliyomleta, baada ya kuona kwamba ana kitambi, siku za kawaida haonekani, na ukimwona ametoka ujue anataka kitu. Ni dume jeupe lenye doa jeusi jichoni, kilo 2 na robo, umri miezi 8. Zishikeni hizo hesabu mbili, maana ndizo zilizoniponza.

Tunakaa Kihonda, Morogoro. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, milima ya Uluguru imefunikwa na wingu tangu asubuhi hadi jioni. Msimu huo nyasi Morogoro si shida, zinaota mpaka kwenye mfereji wa choo. Shida ni kutoka na fyekeo kwenye mvua, kwenye tope linalokuvua kandambili na kukaa nazo. Jumatatu nilikata nyasi. Jumanne nilikata kidogo. Jumatano kulikuwa na mechi.

Alhamisi jioni natoka kazini, namkuta Diwani amejikunyata kwenye kona ya banda, mgongo ameuinua kama nundu, macho nusu. Huyu ni kiumbe ambaye akisikia tu mlango wa jikoni husimama kwa miguu miwili kama anadai posho. Nikampa mchicha, akageuza uso. Nikampa matembele, akageuza uso upande wa pili. Nikanunua karoti ya shilingi 200, nikaimenya kabisa kama namwandalia mgeni. Hakuinusa. Kazi yake ikawa kusaga meno, krr, krr, kama mtu anayepiga hesabu ya kodi ya nyumba usiku.

Nikachungulia trei chini ya banda. Sungura mzima huangusha gololi mia na zaidi kwa siku. Kwetu huzolewa kwa kizoleo na kwenda kwenye bustani ya mchicha. Nilikuta saba. Ndogo kama punje za pilipili manga, nne kati yake zimeshikana kwa nywele kama shanga.

Hapo ndipo jirani yangu mzee, ambaye sote tunamwita Babu, alipochungulia juu ya ua.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mwanangu, huyo anaondoka. Mwahi."

"Nimuwahishe wapi?"

"Mwahi kwa kisu. Akifa mwenyewe ni kibudu, hatamfaa mtu." Alisema kwa huruma ya kweli, nakiri, lakini kisu tayari alikuwa nacho, amekifunga kwenye gazeti. "Mimi sina haraka. Nipo macho."

Nikampigia simu daktari wa mifugo ambaye namba yake ilikuwa imeandikwa ukutani kwenye duka la pembejeo.

"Haloo, daktari. Samahani kwa usumbufu. Diwani hajapata choo tangu jana."

Kimya.

"Ndugu yangu, mimi natibu mifugo. Huyo mheshimiwa mpelekeni hospitali."

"Ni sungura, daktari."

"Diwani ni sungura?"

"Ndiyo."

"Wa kata gani?"

Tulipoelewana alisema sungura akipitisha nusu siku hali wala hapati choo, hiyo si ya kungoja kesho. Saa 3 usiku akashuka kwenye bodaboda na mabuti ya mpira mpaka magotini. Alikuwa ametoka kumzalisha ng'ombe huko Mkundi, na kwa harufu ng'ombe alikuwa bado yuko naye.

Alimweka Diwani juu ya meza yetu ya chakula, kwenye taulo, akamminya tumbo taratibu kama mama anayechagua parachichi. "Halijakaza kama ngoma. Afadhali. Lingekaza ningehofia kitu kimeziba, na hapo hata kumlisha ingekuwa hatari." Akaweka kile chombo cha masikioni. Akasikiliza upande huu, upande ule, akanipa na mimi nisikilize. Sikusikia kitu. "Ndiyo ugonjwa wenyewe," akasema. "Sungura mzima tumboni ni kama mashine ya kusaga, haizimi. Huyu mashine imezima." Akampima joto, mahali ambapo mimi na Diwani wote tuliangalia pembeni: 37.8. Alitakiwa awe 38 na nusu kwenda juu.

Kisha akanielewesha. Utumbo wa sungura unasukumwa na nyuzinyuzi za majani. Mnyime nyasi, umpe wanga na sukari, utumbo unasinzia, vijidudu vinachachusha kilichomo, gesi inajaa. Gesi inamuuma, kwa hiyo hali. Kwa kuwa hali, utumbo unazidi kulala. Na kutapika, kama ungekunywa gongo mbaya ukatapika ukapona, yeye hawezi. Sungura hatapiki. Kikiingia kina njia moja tu ya kutokea.

"Sasa. Amekula nini?"

"Nyasi," nikasema.

"Nyasi tu?"

"Na maji."

Daktari hakubishana na mimi. Alikwenda kwenye banda, akapitisha mkono chini ya gunia analolalia Diwani, akatoka na kipande cha kitu cha kahawia. Akakimulika kwa tochi ya simu.

"Na hii?"

"Labda panya ameileta."

"Panya wa Kihonda wanasukuma chapati?"

Nilinyamaza. Nje, Babu akakohoa.

"Ngapi?" daktari akauliza.

"Nusu. Kila jioni. Na ndizi mbivu wakati wa mapumziko ya mechi."

Niwaeleze, msinihukumu haraka. Nyumba ilikuwa tupu. Mwanamume unakaa peke yako na televisheni na chapati zako mbili za mtaani, na mbele yako amekaa mtu, masikio juu, anakuangalia wewe na si mpira. Ungekula peke yako? Mie sikulelewa hivyo.

Daktari alimchoma sindano ya maumivu, akampa maji kwa sindano chini ya ngozi, pakavimba kama begi dogo mgongoni. Babu, ambaye sasa alikuwa ameshaingia ndani na kukaribishwa na nafsi yake, akatoa ushauri: nyumbani ana vidonge vya rangi mbili vilivyobaki alipokuwa na jipu, tumfungulie kimoja. Daktari aligeuka kama amekanyagwa. Alisema amoksilini na jamaa zake, sungura akizimeza, zinaua vijidudu vizuri vya tumboni na yeye mwenyewe anafuata. Babu akaniangalia mimi, akaangalia lile gazeti lake. Ukweli ni kwamba kwa upande wake njia zote zilikuwa zinaelekea pazuri.

Dawa moja daktari hakuwa nayo: matone ya gesi, yale ya simethikoni wanayopewa watoto wachanga. "Nenda duka la dawa za binadamu. Chukua na bomba la mililita 10, bila sindano."

Saa 4 usiku duka la dawa lilikuwa na foleni ya watu saba. Mmoja ana mtoto anayeungua homa, mmoja amefungwa mguu. Nikaona haya. Watu wanaumwa, mimi niseme nimekuja kwa ajili ya sungura? Zamu yangu ikafika.

"Naomba matone ya gesi, dada. Ya watoto."

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi 8."

"Kilo ngapi?"

Nilikuwa nimechoka, na nina tabia mbaya ya kujibu ninachoulizwa. "Mbili na robo."

Peni ikasimama. "Kumi na mbili?"

"Mbili."

Foleni nzima ikasogea mbele hatua moja.

"Alizaliwa njiti, baba?"

"Hapana, alizaliwa na wenzake sita."

"Sita! Wako wapi?"

"Waligawiwa watu."

Uongo ni kama tope la Kihonda: umeshaingiza mguu mmoja, wa pili unaufuata wenyewe. Na hapo angalieni, hakuna hata neno moja la uongo nililokuwa nimesema, zaidi ya "mtoto". Ningesema "sungura" yakaisha. Lakini yule dada alikuwa ameshaweka mkono kifuani, mama mwenye mtoto wa homa anatokwa machozi, ningewaambiaje?

"Anakula nini huyo mtoto?"

"Majani. Ila juzi nilimpa chapati."

"Yesu wangu," mtu akasema nyuma.

"Mama yake yuko wapi?"

"Simfahamu, dada. Mimi nilimnunua tu, Sabasaba pale."

Nikasikia maneno yangu yakitoka na nikashindwa kuyarudisha. Nikaacha noti ya 10,000, nikachukua chupa na bomba, nikakimbilia bodaboda bila chenji.

Usiku ule sikulala. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa, nikaivisha soksi yangu, Diwani akailalia. Nikampa matone. Nikamkanda tumbo kwa vidole viwili kama nilivyoonyeshwa, dakika tano, napumzika, dakika tano. Nyasi, maana safari hii nilikata, kwenye mvua, saa 5 usiku, mwavuli nimeubana shingoni, nilizisaga na matembele kwenye blenda ya mama watoto. Blenda ya juisi. Hilo hajui mpaka leo, naomba liishie hapa. Uji ule unaingizwa kwa bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, unangoja ameze. Tone la kwanza alimeza. La pili alinitemea. La tatu alipiga teke bomba zima, likapaka dari.

Saa 8, dirishani: "Bado?"

"Bado, Babu."

"Haya. Nipo."

Kuna kitu kinamtokea mtu anayekaa peke yake usiku akiomba kinyesi. Nilianza kuahidi mambo. Niliahidi nyasi za mwaka mzima. Niliahidi kuacha kulala wakati wa mahubiri.

Adhana ya alfajiri ilikuwa imeanza nikasikia kwenye trei: tik.

Niliwasha taa. Ilikuwa moja, ndogo, imepinda. Niliishika kwa vidole viwili nikaipeleka kwenye mwanga kama sonara. Kisha: tik. Tik, tik. Diwani akajiinamia katikati ya miguu yake akala kitu moja kwa moja kutoka kiwandani, na mimi badala ya kuchukia nikatokwa machozi, maana daktari alikuwa ameshaniambia kwamba kile laini cha alfajiri ndicho lishe yake, asipokila ndiyo uogope. Mpaka saa 12 nilikuwa na gololi 11. Nilizipanga. Sijui kwa nini nilizipanga.

Babu alifika na gazeti lake, akazitazama zile gololi, akamtazama Diwani anatafuna jani la tembele.

"Kumbe," akasema. Asubuhi ile ile nilimwona uani kwake anamenyea mihogo kile kisu.

Daktari alirudi kwa sindano ya pili. Jumamosi trei ilijaa. Jumapili mchana mama watoto na binti yangu wakarudi, na binti, hata begi hajalitua:

"Shikamoo, baba. Namba 4?"

"Marahaba. Nyasi tu, mwanangu."

Alimkagua Diwani kama mganga mkuu, akaridhika. Nikashusha pumzi. Ndipo tukasikia hodi.

Waliingia kinamama watatu wa kikoba cha mke wangu, wamevaa kama wanakwenda msibani. Mmoja amebeba unga wa lishe kilo 2. Mmoja amebeba shali ya mtoto. Wa tatu alikuwa yule dada wa duka la dawa.

"Karibuni jamani," mama watoto akasema, "mbona mmependeza?"

"Shoga, kaa kwanza. Shemeji, shikilia hapo hapo. Tumekuja kwa habari ya yule mtoto."

"Mtoto gani?" Mke wangu alikaa.

"Wa miezi 8. Kilo mbili. Hana mama. Alimnunua Sabasaba na wenzake wamegawiwa watu."

Sijawahi kuona mtu anajifunga kanga polepole kiasi kile. Nikataka kueleza, koo likakauka, neno lililotoka lilikuwa moja tu:

"Diwani!"

"Heee!" akasema yule wa unga. "Kumbe ni wa diwani!"

Nilikimbilia bandani, nikarudi naye, nikamweka mezani katikati yao. Diwani akasimama kwa miguu miwili akiangalia ule unga. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Dada wa duka la dawa akafungua pochi, akanihesabia chenji yangu.

"Lakini chapati," akasema akiwa anahesabu, "chapati ulisema ulimpa kweli."

Binti yangu aliniangalia. Hakulia, hakufoka. Alikwenda jikoni, nikasikia droo inafunguliwa, nikasikia peni. Namba 4 sasa ina mistari mitatu. Unga wa lishe tumeunywa wenyewe, na Babu tulimpelekea kikombe.