Labour iliogopa magazeti, ikaiumiza BBC

Tarehe 9 Aprili 1992, siku ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, gazeti la The Sun lilitoka na picha ya kichwa cha Neil Kinnock, kiongozi wa chama cha Labour, kikiwa ndani ya balbu ya taa. Ujumbe wake ulikuwa kwamba Kinnock akishinda leo, mtu wa mwisho kuondoka Uingereza azime taa. Kinnock hakushinda. Siku mbili baadaye gazeti lilelile, ambalo wakati huo liliuza nakala zaidi ya milioni tatu kwa siku, lilijisifu kwenye ukurasa wa mbele kwamba ushindi ule ni kazi yake.

Wasomi wamebishana tangu hapo kama majigambo yale yalikuwa na ukweli. Kwangu lililo zito zaidi ni kwamba wakuu wa Labour waliyaamini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ukifuatilia mwenendo wa chama hicho tangu mwaka ule utaona watu wanaotembea wakiukagua kila ung'ongo ulioanguka njiani.

Julai 1995 Tony Blair, akiwa ameshika uongozi wa chama kwa mwaka mmoja tu, alisafiri hadi kisiwa cha Hayman huko Australia kuzungumza na wakuu wa kampuni ya Rupert Murdoch, mwenye The Sun. Machi 1997 The Sun likatangaza kumuunga mkono, na Mei akaingia Downing Street, yaani ofisi ya waziri mkuu. Mwaka 2012 Blair aliitwa mbele ya Jaji Leveson, aliyekuwa akichunguza mwenendo wa magazeti baada ya kashfa ya kudukua simu za watu. Alikiri kwamba aliamua kwa makusudi kutopambana na wenye vyombo vya habari, bali kutafuta namna ya kwenda nao. Murdoch naye aliuambia uchunguzi huohuo kwamba hajawahi kumwomba waziri mkuu yeyote kitu chochote. Namwamini. Mtu anayeogopwa hana haja ya kuomba.

Hivi ndivyo shinikizo hili linavyofanya kazi, na ndiyo maana ni vigumu kulishika mkono. Hakuna barua ya amri wala simu ya vitisho. Waziri wa serikali ya mrengo wa kati-kushoto anaandika sera ya wahamiaji, au ya kodi, na kabla hajafika aya ya pili anajiuliza Daily Mail litaandika nini kesho. Anafuta sentensi moja. Msaidizi wake, aliyekwisha kujua bosi anafuta nini, mara nyingine haiandiki kabisa. Mwisho wa yote sera inatoka, na hakuna anayeweza kuonyesha mahali mhariri wa gazeti alipoigusa.

Lakini jambo linalonikera zaidi ni kwamba chama kilicholelewa na hofu hiyo kilipopata nguvu kiliielekeza ngumi yake kwa BBC.

Mei 29, 2003, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi za kule, mwandishi Andrew Gilligan alisema katika kipindi cha Today cha Radio 4 kwamba waraka wa serikali kuhusu silaha za Irak ulikuwa umetiwa chumvi. Waraka huo wa Septemba 2002 ulidai kwamba silaha za maangamizi zingeweza kuwa tayari kutumika ndani ya dakika 45. Gilligan akaongeza kwamba huenda serikali ilijua dai hilo si sahihi. Hapo alivuka mpaka, na hakuwa na ushahidi wa kutosha. Alastair Campbell, mkuu wa mawasiliano wa Blair na mtu aliyekulia kwenye magazeti ya udaku, hakuiacha sentensi ile. Kwa wiki kadhaa aliipigania kana kwamba vita yenyewe ilikuwa juu ya BBC. Dokta David Kelly, mtaalamu wa silaha aliyekuwa chanzo cha habari ile, jina lake lilitoka hadharani, na Julai akakutwa amekufa.

Ripoti ya Jaji Hutton, aliyechunguza mazingira ya kifo cha Kelly, ilitoka Januari 28, 2004. Asubuhi ile ile, kabla haijasomwa rasmi, yaliyomo yalikuwa yameshachapishwa na The Sun. Serikali ilisafishwa, BBC ikalaumiwa. Mwenyekiti Gavyn Davies alijiuzulu siku hiyo, mkurugenzi mkuu Greg Dyke akafuata kesho yake. Wote wawili walijulikana kuwa wafuasi wa Labour, na walipoteuliwa magazeti ya mrengo wa kulia yalilalamika kwamba chama kinaweka watu wake BBC. Wafanyakazi wa BBC walitoka nje ya ofisi kumlilia Dyke, kisha wakachanga fedha zao wenyewe kulipia tangazo la ukurasa mzima kwenye Daily Telegraph la kumtetea.

Silaha hazikuonekana hadi leo. Mwaka 2016 ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi rasmi wa vita ya Irak, ilisema taarifa za kijasusi ziliwasilishwa kwa uhakika ambao haukustahili. Kwa hiyo Gilligan alikosea katika sentensi moja na alikuwa karibu na ukweli katika jambo kubwa, lakini kwa sentensi hiyo moja BBC ilipoteza vichwa vyake viwili. Na magazeti ya Murdoch? Yaliiunga mkono vita ile, na Murdoch mwenyewe alizungumza na Blair kwa simu mara tatu katika siku chache kabla ya uvamizi. Hakuna mhariri wake aliyedaiwa kuomba radhi na Downing Street.

Shirika lililopigwa namna ile hujifunza kuinama. Mwaka 2014 Robert Peston, wakati huo mhariri wa uchumi wa BBC, alisema waziwazi kwamba chumba chao cha habari kimetekwa na ajenda za magazeti, akiyataja Daily Mail na Daily Telegraph. Ukiisikiliza BBC utaliona hilo bila kuambiwa: usiku zinapitiwa kurasa za mbele za magazeti ya kesho, asubuhi mada za magazeti hayohayo zinakuwa maswali kwa waziri. Magazeti mengi ya Uingereza ni ya kulia na hayafichi. Redio inayolazimika kisheria kutoegemea upande ikichukua maswali yake humo, itakuwa imeegemea kabla mtangazaji hajafungua mdomo.

Na tusisahau kwamba mwenye gazeti ni mshindani kibiashara. Agosti 2009 James Murdoch, mtoto wa Rupert, alitoa mhadhara Edinburgh akiishambulia BBC kwamba ni kubwa mno na inawabana wengine. Familia yake wakati huo ilikuwa na hisa kubwa katika televisheni ya Sky. Mwezi uliofuata, siku moja baada ya Gordon Brown, waziri mkuu aliyempokea Blair, kuhutubia mkutano mkuu wa Labour, The Sun lilitangaza kwamba limekiacha chama hicho. Mla nawe hafi nawe. Ziara ya Hayman, simu za 2003, ukimya wote ule wa miaka 12, havikununua hata mwezi mmoja wa ziada.

Serikali iliyofuata, ya Conservative na Liberal Democrats, haikuwa na sababu ya kuionea BBC huruma. Oktoba 2010, katika mazungumzo ya faragha ya siku chache tu, ada ya leseni ya televisheni inayoigharimia BBC ilisimamishwa kwenye pauni 145.50 kwa miaka sita, na BBC ikabebeshwa gharama za World Service, matangazo yake ya nchi za nje, ambazo hadi hapo zililipwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Januari 2011 likatoka tangazo la kufunga idhaa tano za lugha. Kiswahili hakikufungwa, lakini kilikuwa kwenye orodha ya lugha ambazo matangazo yake ya masafa mafupi yangekatwa, pamoja na idhaa ya Maziwa Makuu iliyowahudumia Rwanda na Burundi.

Hapo ndipo habari hii ya London inapofika kwetu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957. Mimi nimeijua kupitia redio ya babu, yenye betri alizozianika juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Dira ya Dunia ikianza hakuna aliyeruhusiwa kusema. Babu hakuwa mtu wa London wala hakujua Labour ni nini. Alichojua ni kwamba habari ya nchi yake ikisemwa pale, imepita kwa watu wasiomwogopa mkuu wa wilaya. Imani ile ilijengwa na fedha za umma wa nchi nyingine pamoja na kanuni kwamba mtangazaji hana bosi wa chama.

Sisi shinikizo la moja kwa moja tunalijua. Tido Mhando aliiongoza idhaa hiyo London kabla ya kurudi Dar es Salaam kuiongoza TBC. Chini yake TBC iliwapa wapinzani nafasi katika uchaguzi wa 2010, na mwisho wa mwaka huo mkataba wake haukuongezwa. Kwetu kiti kinaondolewa. Uingereza kiti kinaachwa palepale, anayekikalia anafundishwa woga.

Keir Starmer alipogombea uongozi wa Labour, Januari 2020, aliwaahidi watu wa Liverpool kwamba hatafanya mahojiano na The Sun wakati wa kampeni ile. Mji ule umeligomea gazeti hilo tangu 1989, lilipowazushia uongo mashabiki baada ya maafa ya Hillsborough yaliyoua watu 97. Oktoba 2021 Starmer akaandika makala kwenye The Sun. Watafiti wawili, Florian Foos na Daniel Bischof, wameonyesha kwamba mgomo ule ulipunguza chuki dhidi ya Umoja wa Ulaya katika eneo hilo. Watu walioacha kulisoma walibadilika. Badala ya kujifunza kwa mji wake mwaminifu, chama kilirudi kubisha hodi kulekule.

Novemba 2025 mkurugenzi mkuu wa BBC Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu, baada ya Telegraph kuchapisha waraka wa ndani kuhusu namna kipindi cha BBC cha Panorama kilivyounganisha vipande vya hotuba ya Trump ya Januari 6, 2021. Kosa lilikuwa kosa kweli, na mhariri makini asingeliruhusu. Lakini safari hii pia gazeti lilipiga, vichwa viwili vikaanguka, na serikali iliyokuwa madarakani ilikuwa ya Labour.

Hati ya Kifalme inayoiendesha BBC inaisha Desemba 31, 2027. Labour ilipata wabunge zaidi ya 400 mwaka 2024, na hati mpya itaandikwa mikononi mwake. Nataka iandikwe humo kwamba waziri hateui mwenyekiti wala mjumbe yeyote wa bodi, kwamba ada haipangwi tena faraghani kwa siku chache kama Oktoba 2010, na kwamba fedha za World Service zinarudi kwenye bajeti ya serikali kwa ukamilifu wake. Magazeti yatapiga kelele kesho yake. Yaachwe yapige.